Kupanda Mrehani Nyumbani: Maneno kwa Watu wa Sola



Leo hatukuja kusema habari za pamba wala za ng'ombe, maana hizo mwazijua kuliko sisi. Twataka kusema juu ya mmea mdogo ambao watu wengi huupita bila kuutazama, nao ni mrehani. Hautaki shamba, kitanda cha upana wa mkeka mmoja, karibu na mlango, chatosha. Lakini aupandaye vibaya hapati kitu, na autumiaye vibaya aweza kudhurika. Kwa hiyo twaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Jamaa za mrehani ni nyingi. Kuna ule wa pwani, ambao wanawake huufunga pamoja na asumini katika vikuba. Kuna kivumbasi, uotao wenyewe kando ya njia, wenye harufu kali. Tena kuna ule ambao Wahindu huuita tulasi, wakaupanda uani mwa nyumba zao na kuuheshimu katika ibada. Majani yake ni madogo, shina lina vinyweleo, na aina yake moja ina rangi ya zambarau. Huu wa mwisho ndio tutakaoueleza zaidi, lakini kazi ya kuotesha yote haina tofauti kubwa.

Kwanza, mahali. Mrehani hupenda jua. Udongo mweusi wa mbuga haufai, kwa sababu wakati wa mvua hushika maji mpaka mizizi ikaoza, na wakati wa kiangazi hupasuka. Twaeni udongo wa luseni, mkauchanganye na samadi ya zizini iliyokwisha kuoza kabisa. Samadi mbichi huunguza miche. Zungushieni kitanda miiba, maana kuku huparua na mbuzi hawana adabu.

Pili, mbegu. Ni ndogo kama mbegu za mchicha. Zinyunyizeni juu ya udongo, kisha zifunikeni kwa vumbi jepesi tu. Sisi wenyewe mara ya kwanza tulizifukia kina cha kidole, tukangoja mwezi mzima, isiote hata moja. Mvua zianzapo, mwezi wa Oktoba au Novemba, ndio wakati mzuri. Nyunyizeni maji kwa mkono, msimwage kwa ndoo. Baada ya wiki moja au mbili mtaona miche. Ikiwa na majani manne au sita, ihamisheni jioni, mche na mche uwe mbali kiasi cha sentimita 45. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa hazipo, mwagieni asubuhi, wala msizidishe.

Tatu, kuvuna. Mche ukifika urefu wa shubiri, kateni ncha yake ili utoe matawi. Maua yakianza kuchomoza nayo yakateni, isipokuwa katika mche mmoja au miwili mtakayoiacha kwa mbegu. Mavuno makubwa ya kwanza huwa karibu siku 90 baada ya kuhamisha miche. Kateni asubuhi umande ukikauka, mkiacha shina sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi, nao utachipuka tena. Majani yaanikeni kivulini penye hewa, si juani. Nguvu ya mrehani i katika mafuta yake, na jua huyafukuza. Jani lililoanikwa juani hubaki rangi yake mbaya na harufu yake kidogo. Likivunjika mkononi limekauka. Litieni katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Hapo pana jambo tunalolisema kwa ukali. Sola ni nchi ya pamba, na pamba hupigwa dawa ya wadudu. Msipande mrehani ukingoni mwa shamba la pamba, wala msioshe bomba la dawa karibu na kitanda. Kopo lililokuwa na dawa ya pamba lisitumiwe kumwagia wala kuwekea majani, hata likioshwa mara kumi. Jani hili hutiwa katika chai. Litakalonyunyiziwa litanywewa na watoto.

Sasa, lina kazi gani? Mafuta yaliyomo katika tulasi na kivumbasi yana kitu kile kile kinachonukia katika karafuu za Unguja na Pemba. Mwaka 1990 wataalamu walieleza kwamba vitu vilivyomo katika kivumbasi na karafuu huwafukuza fukusi wa mahindi, na kwamba watu wa sehemu za Afrika ya Mashariki huvitumia kuhifadhi nafaka. Basi majani makavu ya kivumbasi yafaa kuchanganywa na mahindi au choroko katika kihenge. Lakini nafaka ikauke kwanza, na kihenge kifagiliwe. Na kwa dumuzi msitegemee jani peke yake, mwulizeni bwana shamba. Kadhalika, mwaka 1973 mtaalamu G. B. White aliandika katika jarida la utabibu la Afrika ya Mashariki habari za mimea hii, ambayo watu huitumia tangu zamani kufukuza mbu.

Lakini kumfukuza mbu si kuponya malaria. Harufu huisha usiku ungali mrefu, na mbu hurudi. Kila mtu na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Na mtoto akipata homa, msikae naye nyumbani siku mbili mkimpa chai ya mrehani na kungoja jasho. Mpelekeni zahanati siku ile ile apimwe damu, na akionekana ana malaria apewe dawa ya mseto. Mama mwenye mimba, na mtu atumiaye dawa za kisukari, wasiifanye chai hii kuwa dawa yao bila kumwuliza mganga wa zahanati.

Basi, ndugu zetu, pandeni mrehani mlangoni. Utaleta harufu nzuri, utasaidia jikoni na ghalani. Mtumieni kama mtoto mwema wa nyumba: apewe kazi aiwezayo, asibebeshwe mzigo wa mtu mzima.