Mistari ya Mapambo Katika Majani ya Bustani



Apitaye mbele ya bustani iliyotunzwa vema, Kitale au Bungoma, huenda akaona mistari ipokezanayo: mmoja umekoza, wa pili umepauka. Wengi hudhani majani yamekatwa kwa vimo viwili. Sivyo. Kimo ni kimoja. Tofauti ni upande yaliolazwa.

Mashine ya kukatia majani, iliyobuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, ilikuwa na rola, na rola hulaza majani kuelekea mashine iendako. Yaliyolala mbali na mtazamaji hurudisha mwanga mwingi, nayo huonekana meupe. Yaliyomwelekea huonyesha kivuli, nayo huonekana meusi. Kwa hiyo aketiye upande wa pili huona kinyume chake. Asiye na rola aweza kukokota ubao mzito juu ya majani yaliyokwisha kukatwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Sikukuu ikikaribia, mwenye bustani huyakata majani karibu na udongo, akitumaini mistari itazidi kung'aa. Lakini majani mafupi hayawezi kulala. Hivyo mistari hutoweka, mizizi hudhoofika, na mvua ya kwanza huchukua udongo ulioachwa wazi. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Imempasa basi kukata si zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kisu kiwe kikali, kwani kisu butu hurarua ncha, zikageuka rangi ya kahawia. Majani yakilowa, asubiri yakauke. Tena kila safari abadili mwelekeo, magurudumu yasije yakachimba njia.

Yafaa pia kuangalia majira. Bungoma ilipopokea sherehe za Madaraka huko Kanduyi, tarehe 1 Juni 2024, ilikuwa miezi ya mvua. Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, hukuta kiangazi kinaingia. Wakati huo majani yaachwe marefu zaidi. Majani ya Kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, hustawi Kitale, yapata mita 1,900 juu ya bahari. Bungoma, iliyo chini zaidi, jua huyachosha upesi.

Mistari hudumu siku chache tu, bali majani yenye afya hukubali kupambwa tena na tena. Mwenye busara hutunza kwanza, kisha hupamba.