JIRANI NDIYE MLINZI WA KWANZA
Ushirikiano wa nchi zetu katika kujiandaa kwa magonjwa ya mlipuko

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri za Walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)



Nimeombwa nizungumzie jinsi nchi zetu jirani zinavyoshirikiana, au zinavyopaswa kushirikiana, katika kujiandaa kwa magonjwa ya mlipuko. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini kamati ya haki na amani ijishughulishe na virusi, maabara na chanjo, ambayo ni mambo ya waganga. Jibu langu ni fupi. Ugonjwa wa mlipuko huwapiga kwanza wale ambao jamii imewaacha pembeni, na kisha huwagombanisha majirani. Panapokosekana haki, ugonjwa hupata mlango. Na ugonjwa ukiisha kuingia, amani hutikisika. Kwa hiyo jambo hili ni letu pia.

1. TULIYOYAONA KWA MACHO

Sisi tunaoishi Kanda ya Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa kwamba ugonjwa haujui mpaka. Mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Hapakuwa na maji safi ya kuwatosha, wala vyoo, wala dawa. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na kuhara damu, na inakadiriwa kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Watu hao walikuwa wamenusurika vita. Waliuawa na maji machafu na kutojiandaa kwetu sote.

Miaka ya karibuni tumeonjeshwa tena. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ya Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Wagonjwa walikuwa 9, nao 6 wakafariki, akiwemo mhudumu wa afya. Mwezi Septemba 2024 ugonjwa huo huo ulitangazwa Rwanda, ambako watu 66 waliugua, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya, na 15 wakafariki. Mwezi Januari 2025 ukarudi Kagera, safari hii wilayani Biharamulo. Hapo walihesabiwa wagonjwa 10, na wote 10 walikufa.

Tuzitazame kwa makini hesabu hizi mbili za mwisho. Kati ya wale 10 wa Kagera, ni 2 tu waliothibitishwa na maabara. Wale 8 wengine waliitwa wagonjwa wa kudhaniwa, kwa kuwa walikwisha kufa kabla ugonjwa haujatangazwa. Rwanda, wagonjwa waliotambulika mapema walipatiwa matibabu ya karibu, na walio wengi wakapona. Sisemi haya ili kuisifu nchi moja na kuilaumu nyingine, maana mgonjwa wa kijijini na mgonjwa aliyelazwa katika hospitali kubwa ya mjini hawako katika hali moja. Nasema ili tuone kwamba kinachotenganisha uhai na kifo mara nyingi ni siku chache za kujua au kutojua. Na habari hiyo ya kujua inaweza kuwa iko ng'ambo ya mto, kwa jirani.

2. KIELELEZO CHA KASESE

Mwezi Juni 2019, Ebola ikiwa imepamba moto mashariki mwa Kongo, familia moja yenye ndugu pande zote mbili za mpaka ilikuwa ikirejea Uganda kutoka msibani Kongo. Upande wa Kongo wahudumu waligundua kuwa baadhi yao wana dalili, wakawatenga. Hata hivyo baadhi ya wanafamilia waliondoka, na inaaminika kwamba walivuka kwa njia ya miguu isiyo na mlinzi, zile tuziitazo njia za panya.

Wakongo hawakunyamaza kwa kuona haya. Waliwaarifu wenzao wa Uganda kwamba kuna watu wametoroka, wawe macho. Mtoto wa miaka 5 alipofikishwa katika hospitali ya Kanisa ya Kagando, wilayani Kasese, waliompokea walishuku Ebola mapema, akahamishiwa Bwera. Sampuli ilipimwa katika maabara ya Uganda, na tarehe 11 Juni ugonjwa ukathibitishwa. Mtoto huyo alifariki, pamoja na mdogo wake na bibi yao. Kwa makubaliano ya serikali zote mbili, ndugu waliosalia walirudishwa Kongo ili wapate matibabu na uangalizi. Katika tukio hilo hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda.

Msidhani kwamba hiyo ilikuwa bahati. Kabla ya siku hiyo Uganda ilikuwa imekwisha kuwachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700, ingawa haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Wenzetu walitambua kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wakati huo huo upande wa Kongo mlipuko uliendelea hadi Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200, mahali ambapo vita na kutoaminiana kuliwafanya wananchi wawakimbie, na hata wawashambulie, wale waliokuja kuwatibu. Virusi ni vile vile pande zote mbili. Amani na uaminifu ndivyo vilivyotofautiana.

3. VYOMBO TULIVYO NAVYO

Yatupasa tujue kwamba ushirikiano huu si hisani, bali ni wajibu ambao nchi zetu zimejifunga nao kwa maandishi. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi mwaka 1999, unazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 118 zichukue hatua za pamoja kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Aidha, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka kila nchi ilijulishe Shirika la Afya Duniani katika muda wa saa 24 baada ya kupima tukio na kuona kwamba linaweza kuhatarisha mataifa mengine.

Yapo pia matendo. Kuanzia tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, yaani katika siku zile zile za Kasese, Kenya na Tanzania zilifanya zoezi la pamoja pale Namanga, zikijifanya kana kwamba homa ya Bonde la Ufa imezuka. Waganga wa watu, waganga wa mifugo, maofisa wa forodha na wa uhamiaji walijipima: nani humpigia nani simu, nani huchukua sampuli, nani huzungumza na wananchi. Mwaka 2020 Jumuiya iligawa maabara 9 zinazotembea kwa magari: Kenya, Tanzania na Uganda zilipata mbili mbili, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini moja moja. Faida yake ni kwamba sampuli haina haja ya kusafiri siku nyingi kwenda mji mkuu wakati ugonjwa unasafiri kwa bodaboda.

4. MAHALI HAKI INAPOPUNGUA

Kama mikataba ipo na maabara zipo, kwa nini bado tunachelewa? Naona sababu tatu, na zote zinahusu haki.

(a) Msema kweli huadhibiwa. Mwezi Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waligundua aina mpya ya virusi vya korona, iliyoitwa Omicron, wakaitangazia dunia bila kuficha. Malipo yao yalikuwa nini? Katika siku chache nchi nyingi, zikiwemo baadhi ya nchi za Afrika, ziliwafungia milango wasafiri wa kusini mwa Afrika, hata wale wa nchi ambazo hazikuwa na mgonjwa aliyejulikana. Serikali inayoyaona hayo hujifunza kunyamaza. Na jambo lililo kweli kwa serikali ni kweli kwa familia. Mama akijua kwamba akisema mtoto wake ana homa na kutapika damu atakimbiwa na majirani, genge lake litasusiwa na nyumba yake itaitwa nyumba ya laana, atamficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini na sisi tujiulize ni nani aliyemfundisha kuficha.

(b) Mzigo hubebwa na wachache. Mwaka 2020 madereva wa malori walikaa siku nyingi katika foleni za Namanga, Malaba na kwingineko, kwa kuwa nchi zetu hazikukubaliana mapema kuvitambua vyeti vya vipimo vya kila upande. Watu hao walikuwa wakituletea mafuta na chakula, nasi tukawaita wabeba ugonjwa. Vivyo hivyo muuguzi wa zahanati ya kijijini ndiye anayempokea mgonjwa wa kwanza, mara nyingi bila glovu za kutosha. Mwaka 2022, Ebola ilipozuka Uganda, mmoja wa waliofariki alikuwa daktari kijana Mtanzania aliyekuwa masomoni huko, aliyeambukizwa kwa kuwahudumia Waganda. Ushirikiano wa nchi zetu umekwisha kulipiwa kwa damu ya mtu wetu. Tusiuchukulie kijuu juu.

(c) Tunangojea fedha za wengine. Mwezi Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi zimeshindwa kufikia kiwango hicho. Sehemu kubwa ya maandalizi tuliyoyataja iligharimiwa na wafadhili; hata zile maabara 9 zilitokana na msaada wa Ujerumani. Tunashukuru. Lakini mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, kazi nyingi za afya zilikwama ghafula. Nyumba inayoegemea ukuta wa jirani huanguka siku jirani anapouvunja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo tutaujenga kwa gharama ya makaburi.

5. YATUPASAYO

Ndugu zangu, tusirudi nyumbani tukisema kwamba haya ni ya mawaziri. Nataja mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa parokia na Jumuiya Ndogo Ndogo.

Kwanza, parokia za mpakani zijuane na wenzao wa ng'ambo. Tunaoleana, tunazikana, tunauziana ndizi na samaki. Basi kamati zetu ziwe na majina na namba za simu za wenzao, ili habari ya vifo visivyoeleweka iwafikie upande wa pili mapema. Lakini habari hiyo ifikishwe pia, bila kukawia, kwa mganga mkuu wa wilaya. Sisi hatutangazi ugonjwa, tunatoa taarifa kwa wenye dhamana.

Pili, mazishi. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola au Marburg huambukiza, na desturi yetu ya kuosha na kugusa maiti imeambukiza wengi. Viongozi wa dini na wazee wa ukoo wakubaliane mapema, kabla ya msiba, jinsi ya kumzika mtu kwa usalama na kwa heshima. Familia iruhusiwe kuona kwa mbali, jina litajwe, sala isaliwe. Mtu akizikwa kama mbwa, ukoo utamficha wa pili.

Tatu, tuwatunze waliotengwa. Mtu aliyegusana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Siku hizo nani atampalilia shamba? Nani atampelekea unga na chumvi, akauweka penye umbali ulioagizwa? Jumuiya ikimlisha, hatakuwa na sababu ya kutoroka kwa njia ya panya. Karantini isiyo na chakula ni kifungo.

Nne, tuulize. Wananchi tunayo haki ya kumwuliza diwani na mbunge: zahanati yetu ina glovu na maji? Sampuli ikichukuliwa hapa, majibu huja baada ya siku ngapi? Wilaya yetu na wilaya jirani ya nchi ya pili zimekutana lini mara ya mwisho? Kuuliza hivyo kwa adabu na kwa uvumilivu si uchochezi, bali ni sehemu ya wajibu wa raia.

Namalizia kwa neno moja. Mpaka unaweza kulindwa kwa askari na vipimajoto, na vyote hivyo vina kazi yake. Lakini njia za panya ni nyingi kuliko askari. Anayejua ni nani aliyepita usiku ni jirani. Na jirani atasema iwapo tu anaamini kwamba aliyepita atatibiwa na hataonewa. Uaminifu huo hauwezi kununuliwa siku ya mlipuko. Hujengwa siku za kawaida, sokoni, kilioni na arusini. Twende tukaujenge.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji au mtaa wetu, mtu akifa kwa homa isiyoeleweka, nani huarifiwa kwanza? Je, inatosha?
2. Tuliwatendeaje madereva, wageni na wagonjwa wakati wa korona? Tufanye nini ili mtu asiogope kusema kwamba anaumwa?
3. Ni desturi gani za mazishi tunazoweza kuzibadili kwa muda bila kumvunjia heshima marehemu?
4. Jumuiya yetu inaweza kuweka akiba gani, hata iwe ndogo, kwa ajili ya familia itakayotengwa?