Weusi wa Shingoni Hautoki kwa Dodoki



Leo nasema na mama ambaye binti yake amevunja ungo miaka minne sasa, na hedhi bado yaja ipendavyo: mwezi huu ipo, miezi mitatu haipo. Kidevuni vinyweleo, usoni chunusi, na nyuma ya shingo weusi mzito, ngozi imenenepa. Wamsugua kwa dodoki, wampaka liwa, wamwambia haogi vizuri. Mwache mtoto, mama. Weusi ule hauoshiki. Chanzo chake kimo damuni.

Huenda ni hali ambayo madaktari huiita PCOS. Shirika la Afya Duniani lakadiria huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Mjini kwetu Mombasa hushtukiwa mavyaa anapoanza kuuliza mjukuu. Lakini si uzazi tu; sukari nayo imo.

Wengi wenye hali hii, hata wembamba, miili yao haiitikii sawasawa insulini, homoni ya kudhibiti sukari. Insulini ikipiga hodi isiitikiwe, kongosho hutoa nyingine, na nyingine tena. Ikizidi, huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndizo ziletazo vinyweleo na kuvuruga hedhi. Insulini hiyo hiyo ndiyo iletayo weusi wa shingoni. Na siku kongosho likishindwa, sukari hupanda.

Mahamri kwa mbaazi simkatazi mtu. Mbaazi zizidi, mahamri yapungue, chai isitiwe sukari. Jioni, tembeeni na binti mpaka ufukweni Mama Ngina, kwa hatua za haraka. Aliyenenepa akipungua hata kilo 5 katika kila 100, hedhi yaweza kuanza kurudi. Dawa ya metformini ipo pia, ila hiyo ni ya daktari kuamua.

Na kipimo cha sukari: kudungwa kidole asubuhi hujakula hakutoshi, kwani sukari yaweza kuonekana nzuri saa hiyo. Ombeni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi, damu itolewe tena baada ya saa 2. Chini ya 7.8 (mmol kwa lita) ni salama. Kuanzia 11.1 ni kisukari. Katikati hapo ndipo pa kuwahi. Kirudiwe kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Na mwenye hali hii akishika mimba, amwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki, maana sukari ya ujauzito humwandama yeye kuliko wengine.