Maji ya Ihelele na mkataba wa 1929

Msikilizaji, maji yanayotoka bombani Shinyanga yanavutwa Ziwa Victoria, linalolisha mto Nile, kutoka Ihelele wilayani Misungwi. Mwaka 1929 Uingereza, iliyoitawala Tanganyika, iliipa Misri kwa mkataba haki ya kupinga mradi wowote wa namna hiyo ambao ungepunguza maji yake.

Ajabu ni hii: mwaka 1937, mjini Montreux, Misri yenyewe ilijadiliana hadi upendeleo wa kimahakama wa wageni nchini mwake ukafutwa. Basi mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilipotamka kuwa haifungwi na mkataba wa mkoloni, ikakaribisha mazungumzo, ilidai heshima ileile. Ilikuwa na haki kabisa.

Kwa upande wa pili, bila Nile Misri haiishi.

Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile ulianza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudan hazimo. Ni uhakika gani utakaozileta mezani?