Tuwakumbuke na Walio Nje ya Darasa

Hotuba ya Mweka Hazina katika harambee ya mwaka



Kazi ya ofisi yetu ni kusoma hesabu, na taarifa kamili mnayo katika kijitabu hiki. Lakini kabla ya kuomba mchango tuna kosa la kueleza, maana hesabu inayoficha kosa haijafungwa.

Miaka mitatu iliyopita binti mmoja wa kwetu alituandikia barua. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya elimu ya watu wazima, akaomba tumsaidie ada. Kamati tuliipitia barua ile kwa dakika chache. Mmoja wetu akauliza, "Yaani aende chuo kikuu kujifunza kufundisha ngumbaru?" Tukacheka wote. Tukamjibu kwamba ombi halikukidhi vigezo. Mwaka huohuo tuliwalipia wanafunzi wa udaktari na uhandisi, na kwa hilo hatukukosea. Tulikosea kucheka.

Binti hakurudi nyuma. Desemba iliyopita tulipopanda milimani kwetu Same, tulimkuta likizoni, jioni, katika darasa la shule ya msingi, ameketi na vijana wa bodaboda wanaoshusha tangawizi. Wengi waliishia darasa la saba. Wengine walifeli kidato cha nne. Hakuwaanzishia somo lake. Aliwauliza kwanza nini kinawanyima usingizi. Wakajibu kwa sauti moja: hesabu ya tajiri.

Basi somo likawa hilo. Kila mmoja alinakili kwenye daftari fedha alizompelekea tajiri wake, akianzia na jumbe za malipo zilizobaki kwenye simu. Kijana mmoja mwenye pikipiki ya mkataba akagundua kwamba alikwisha maliza deni, na kwamba alikuwa amelipa miezi mitatu ya ziada. Mkataba wenyewe ulikuwa wa mdomo. Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na daftari mkononi, bila ugomvi. Tajiri akapigiwa simu, akalinganisha na kumbukumbu zake, akarudisha ziada na kukabidhi kadi ya pikipiki. Tajiri huyo ni mmoja wetu humu ukumbini, naye ameturuhusu tulisimulie bila kumtaja.

Sisi tuliosomea uhasibu tulilipitia daftari lile. Mistari ilikuwa imepinda, lakini hesabu ilifunga.

Ndugu zetu, tulichokicheka ni taaluma kamili, na nchi yetu ina historia kubwa ndani yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960, ikapewa sheria yake mwaka 1975. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Wazee mlioko hapa mnakumbuka.

Nyuma ya kazi hiyo walikuwapo wasomi. Yusuf Kassam alikusanya masimulizi ya watu waliojifunza kusoma ukubwani, akayatoa kitabu mwaka 1979. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti katika Taasisi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, alijifunza hapa kwamba mwanakijiji anaweza kuchunguza tatizo lake mwenyewe pamoja na mtafiti. Baadaye akawa profesa nchini Kanada, na utafiti shirikishi alioanza kuufanya Tanzania ukaenea duniani. Hao ni watu waliojenga maisha ya chuo kikuu juu ya swali moja: mtu aliye nje ya darasa hujifunzaje?

Sasa turudi kwenye vitabu vyetu. Tulipozipitia hesabu zetu, karibu fedha zote za elimu zilikwenda kwenye saruji, mabati na ada za waliofaulu. Aliyefeli tulimpa pole. Binti aliyekatishwa masomo kwa ujauzito hatukumpa hata hiyo pole, ingawa tangu mwaka 2021 Serikali imemfungulia mlango wa kurudi shuleni, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vinapokea wa aina yake.

Kwa hiyo mwaka huu kuna fungu jipya, na tunaomba mlijaze. Kwanza, ada ya mwaka wa mwisho ya binti yetu, pamoja na barua ya kumwomba radhi, ambayo kamati imekwisha saini. Pili, taa, madaftari na posho ya msimamizi wa darasa la jioni. Tatu, gharama za kuwapeleka VETA mafundi wetu waliojifunza gereji na kwenye ujenzi, wapimwe ujuzi wao na kupata cheti.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, nasi tukamcheka. Bahasha zinapita sasa, tumtuze.