Kesi ya Binti Isifie Barazani

(Hotuba kwa wanachama na wapenzi wa chama, Morogoro Mjini)



Leo sikuja kusema juu ya kodi wala uchaguzi. Nimekuja kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa kunong'ona: mama anayepigwa nyumbani, na binti anayebakwa na mtu anayemfahamu. Jambo likinong'onwa, mkosaji hunufaika. Basi leo tuliseme kwa sauti.

Dhuluma hii si ndogo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema kuwa walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana nao walikuwa 1 katika kila 7. Hawa si watoto wa nchi ya mbali. Ni watoto wetu.

Je, sheria haipo? Ipo, tena kali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kumpiga. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima anayebaka, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa: ampaye mimba mwanafunzi hukabiliwa na miaka 30 jela.

Je, polisi hawapo? Wapo. Tangu miaka ya 2008 na 2009 Jeshi la Polisi limekuwa likifungua Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vyake. Yafaa kila mmoja wetu aijue kazi ya dawati hilo. Kwanza, askari aliyefundishwa humsikiliza mlalamikaji faraghani, si kaunta mbele ya watu. Pili, humpa fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ili daktari aandike alichokiona. Tatu, humwita ofisa ustawi wa jamii ikiwa mtoto hawezi kurudi katika nyumba ile. Nne, hufungua jalada, hupeleleza, na jalada likapelekwa kwa waendesha mashtaka wa Serikali. Tena askari wa dawati huenda mashuleni, misikitini, makanisani na vijiwe vya bodaboda kufundisha kabla kosa halijatendeka.

Basi kama sheria ipo na askari wapo, kesi hufia wapi?

Ndugu zangu, nyingi hufia barazani kwetu. Jamaa wa mkosaji huja usiku na wazee wawili na bahasha. Husema, "Sisi ni majirani, tuyamalize nyumbani." Baba hupokea. Siku ya shauri mama haonekani mahakamani, na binti amepelekwa kwa shangazi mbali. Hakimu hawezi kumfunga mtu bila ushahidi. Mkosaji hurudi mtaa uleule akitembea kifua mbele, naye sasa amejua bei. Leo ni binti huyu, kesho ni wa jirani. Kubaka ni jinai dhidi ya umma mzima. Si deni la kulipana mbuzi.

Hapa nawageukia wajomba. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Uzito huo uwe ngao ya mpwa. Mjomba anayekula fidia ya mpwa wake ameuza ukoo wake mwenyewe. Nanyi akina mama mnaowafunda wali, semeni wazi: binti aliyechezwa ngoma amefundwa tu, hakuna mwanamume aliyepewa ruhusa juu yake.

Tuwakumbuke pia mabinti wanaoshuka kutoka Mgeta na Matombo kuja kutumikia majumbani hapa mjini. Hawana baba mtaani wala shangazi. Mkosaji akiwa ni bwana wa nyumba, nani atawasemea? Jirani, mwenyekiti wa mtaa na balozi ndio ndugu zao.

Askari nao tuwaambie kweli. Askari anayemwambia mama aliyevimba uso "rudi ukapatane na mumeo", au anayedai fedha ya mafuta ndipo aende kumkamata mtu, naye anaiua kesi. Asemwe kwa mkuu wake. Dawati ni mali ya wananchi. Tulidai kazi yake.

Nakuacheni na mambo matatu ya kufanya.

La kwanza: binti akibakwa, apelekwe hospitali na polisi siku ileile. Asioge, na nguo zake zisifuliwe. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa kabla ya saa 72 kupita; kila saa ikipita, nguvu yake hupungua.

La pili: atakayejua mtoto anadhulumiwa apige simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, au aende dawatini. Kunyamaza ni kumsaidia mkosaji.

La tatu: kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, wa kumsindikiza mlalamikaji kutoka kituoni hadi siku ya hukumu. Shahidi aliye peke yake hutishwa au hununuliwa kwa urahisi. Shahidi mwenye watu nyuma yake husimama.

Ndugu Wananchi, askari mmoja hawezi kulinda kila chumba cha Morogoro. Lakini mkosaji akijua kwamba mtaa huu haupokei bahasha, atafikiri mara mbili kabla ya kugusa mtoto wa mtu. Hiyo ndiyo kinga, nayo imo mikononi mwetu.