Andika Kabla ya Kufungua

Leo tumfikirie mtu anayefufua nyumbani kwake Peugeot 404, gari lililoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960.

Injini yake ina pistoni nne. Kila pistoni ina mkono wake wa chuma, na kila mkono una kifuniko kilichochongwa pamoja nao. Vifuniko vikichanganywa, tundu la beringi haliwi duara kamili. Chuma husagana, injini hukwama, na fedha zote zimepotea.

Basi, kabla ya kulegeza nati, tieni alama kwenye mkono na kifuniko chake: 1, 2, 3, 4. Vipande vya giaboksi navyo vipangeni mezani kwa utaratibu mliovitoa, mkiandika daftarini. Mtu husahau, daftari halisahau.

Haya, shikeni kalamu: andikeni namba hizo nne. Kwaherini.